Sentensi ya Nutan

Shubhra, uko?

Leo asubuhi kwenye kikundi chetu cha kujiandaa na mtihani wa utumishi wa umma, zamu ya kusoma makala ya maoni gazetini ilikuwa yangu. Ilihusu lile daraja lililoanguka wiki iliyopita. Mwandishi alisema ukaguzi wa daraja hilo ulikuwa "perfunctory", yaani wa kufanywa ili mradi umefanyika.

Unanijua na maneno magumu. Nikataka kila mtu alitungie neno hilo sentensi.

Nutan, yule mpole aliyehamia hapa Patna mwaka jana, akasoma yake: "Ukaguzi ulikuwa perfunctory, na kaka yangu alikuwa darajani."

Shubhra, nilicheka. Nikamwambia, "Sarufi safi, ila umetia chumvi. Wasahihishaji hawataki tamthilia."

Hakuna aliyecheka nami. Rakesh, aliyekaa kando yangu, akaninong'oneza, "Ni kaka yake kweli. Mwili wameuchoma kimila Jumanne, jana ndiyo Nutan karudi kutoka msibani."

Nilimcheka. Mbele ya wote, nilimcheka.

Nikaanza kuomba radhi, maneno hayatoki, mimi mwenye daftari tatu za maneno. Yeye wala hakulia. Alishika kalamu tu akaniuliza, "Dada, lakini neno nimelitumia sawasawa?"

Nikasema ndiyo.

Akaliandika daftarini. "Haya, linalofuata?"

Sasa niko chumbani, gazeti liko mezani. Nimepigia mstari maneno kumi na moja leo, Shubhra. Hayo mengine sijui ni ya msiba wa nani.