Mbwa wa Jirani na Ukuta wa Mbele

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kaingia tena. Mtetea wangu wa madoa, yule aliyekuwa analalia, nimekuta manyoya tu na mayai yamekanyagwa. Rotwaila, mbwa wa jirani yangu Bartolomeo, kapita kwenye michongoma kama kawaida, karudi kwao kama kawaida. Jina lake Jenerali. Eti Jenerali.

Nikaenda kugonga. Bwana mwenyewe katoka na kikombe cha chai mkononi. Akasema yule ni mbwa wa kazi, katolewa Mwanza, kafundishwa, hagusi kitu bila amri. Nikamuuliza, basi nani kamwamuru ale kuku wangu? Akacheka. Akasema atanipa kuku mwingine.

Sitaki kuku. Nataka ajenge ukuta. Mbele, upande wa barabara, kajenga mrefu, juu kapanga chupa zilizovunjwa, geti limechorwa simba. Watu wanasimama kuangalia. Huku nyuma, upande wetu, hakuna kitu. Michongoma iliyokauka na tundu ambalo hata mimi napita nikiinama. Sasa huo ukuta unamzuia nani? Mbwa haoni aibu kupita uani.

Jumatano, 6 Agosti

Mama kafika na basi la kutoka Majimoto. Ana kliniki ya jicho wiki ijayo. Kaniletea mchele mpya, nyumba nzima inanukia.

Hata maji hakunywa. Alikwenda moja kwa moja kwenye michongoma kumtazama Jenerali. Kafungwa mnyororo mfupi kwenye nguzo ya tangi, juani, sufuria yake ya maji imepinduka. Kutwa hivyo. Jioni wanamfungulia, ndipo shida zetu zinaanza.

"Huyu kazi yake nini?" Mama akauliza.

Nikasema kulinda.

"Kwetu mbwa wanashinda mpungani wanafukuza ngedere na nguruwe. Jioni wako hoi, wanajilalia majivuni. Huyu anashinda anatazama ukuta. Hasira zote hizo atazimalizia wapi, Fausta?"

Mchana nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwandu. Kaniambia ataongea naye kiungwana. Najua maana yake. Nusu ya Kawajense hii yetu tunachota maji kwenye kisima cha Bartolomeo, na Mwandu anachota humo humo. Nani atamkemea mwenye bomba?

Ijumaa, 8 Agosti — Nane Nane

Kamng'ata Mama.

Nimejaribu kuandika mara mbili, nimeshindwa. Sasa Mama kalala, najaribu tena.

Nilikuwa kwenye cherehani. Mama kakaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba anapepeta mchele. Kwa sababu ya sikukuu kwa Bartolomeo kulikuwa na wageni, muziki, nyama choma, na mbwa wamemwacha huru mchana kweupe. Sikusikia kubweka. Nilisikia ungo umeanguka, halafu sauti ya Mama, si kelele, kama mtu anayeita kwa mbali. Nimetoka, nimekuta kamshika mguu, shavu la mguu lote liko mdomoni, anatikisa. Nikachukua mchi. Sijui nilimpiga mara ngapi. Aliyemtoa ni Romana, mke wa Bartolomeo, kapita kwenye lile lile tundu anamwita kwa jina, taratibu, na mbwa akaachia kama aliyeamshwa usingizini.

Mchele wote umeloa damu.

Tukamwosha kwa sabuni na maji, bodaboda mbili, hospitali. Daktari akamwosha upya, muda mrefu sana, Mama anauma kitenge. Kachomwa sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa. Zinazofuata zimeisha, wanasubiri mzigo. Daktari akaniambia nisikilize vizuri: mbwa asiuawe. Afungwe mahali, atazamwe siku kumi. Akibaki mzima, Mama hana cha kuogopa. Akibadilika, akikataa chakula, akidondosha mate, akifa, tusisubiri mzigo, tumkimbize Mama popote zilipo sindano siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo uhai wa Mama uko kwa yule mbwa. Nimerudi nyumbani na hilo kichwani.

Bartolomeo hajaja hata kusema pole. Muziki uliendelea mpaka jioni.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemfuata mwenyewe. Nikauliza swali moja tu: mbwa kachanjwa?

Akasema kachanjwa. Lini? Huko alikotoka. Na nani? Wataalamu. Tangu amekuja hapa? Akasema mbwa wa namna ile ana kinga yake, si kama hawa wenu wa kuokota.

Halafu akaniuliza Mama alikuwa anafanya nini karibu na michongoma.

Anafanya nini! Anapepeta mchele. Nyumbani kwa binti yake. Juu ya mkeka wangu, kwenye uwanja wangu. Nikageuka, nikarudi kwangu.

Mume wangu Alois kapiga simu, yuko safarini na lori. Nikamweleza, akasikitika sana kwa ajili ya mama mkwe wake. Halafu akaniambia: "Lakini Mama Obadia, usigombane sana na yule bwana. Fikiria maji." Nikakata simu.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa watu wa jumuiya wamejaa hapa. Pole mama, pole mama. Wamekunywa chai. Nikasema, twendeni wote sasa hivi tukamwambie azibe tundu na amfunge mbwa ndani. Mmoja akakumbuka ana mgeni. Mwingine akasema Mungu atatenda.

Vijana wa mtaa nao wakaja na rungu, wakataka wamuue wamalizane. Na hapo mimi, ambaye natamani kumwona mbwa yule amekufa, nikajikuta nimesimama mlangoni nasema hapana. Nikawaeleza alichosema daktari. Wakanitazama kama nimechanganyikiwa. Kijana mmoja akasema nyie wanawake hamjui mnachotaka.

Najua sana ninachotaka. Nataka mbwa awe mzima na awe amefungwa. Yote mawili. Ni jambo gumu kiasi gani?

Jioni Mwandu kaniletea jibu la kiungwana. Bartolomeo amekubali kumwondoa mbwa mjini. Mwandu anatabasamu kabisa, anadhani kaniletea zawadi. Nikamwambia akiondoka, nitajuaje kama ameugua? Akasema, "Aah, mama, wewe nawe. Ulilalamika yupo, sasa unalalamika anaondoka."

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi nimekwenda na ndoo. Bomba limefungwa kufuli. Wanawake kwenye foleni hawakunisalimia. Kumbe Bartolomeo kasema maji yamefungwa mpaka "yule mama atulie". Yaani adhabu ni yangu. Mama yangu katobolewa mguu, na adhabu ni yangu.

Hospitali, mzigo bado.

Saa sita Romana kaja kwangu, kamshika mbwa kwa mnyororo. Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Akasema gari la kumpeleka Kapalamsenga linakuja saa kumi, ataachiwa mtu wa huko ziwani. "Akifika kule, dada, hutapata habari zake. Mimi ndiye ninayemlisha, nikimvuta anakuja. Una mahali pa kumfungia?"

Nikamuuliza mumewe atasema nini. Akasema, "Mama yako ni kama mama yangu. Yeye atasema atakachosema."

Tukahamisha magunia ya mahindi, tukamtia stoo. Ni ya tofali za kuchoma, mlango wa mninga, dirisha dogo lina nondo. Mama kakaa kwenye kigoda, mguu kaunyoosha, anatuelekeza kama anayepanga harusi. Mtoeni mnyororo. Tandikeni gunia. Maji mengi, ndoo nzito asiyoweza kupindua. Nyie msimtazame machoni.

Mnyororo ulipotoka nikaona shingo. Imeliwa mpaka nyama nyekundu, usaha, inzi. Huyo ndiye mbwa wa fahari, mwenye ukuta wa chupa. Nilimchukia sana huyu mnyama, na bado simpendi. Lakini hakujifunga mwenyewe.

Alikunywa nusu ya ndoo. Akala ugali na dagaa. Mama akasema, "Anakula. Vizuri."

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi hajagusa chakula.

Kalala juu ya gunia, kichwa juu ya miguu, anatazama ukuta. Nikasukuma sahani kwa kijiti. Hakuinuka. Mama kachungulia dirishani muda mrefu. Nikamuuliza ni ugonjwa au ni ugeni? Akasema, "Kidonda cha shingo kinamuuma. Au amemkosa Romana." Akachungulia tena. "Au ni hilo lingine. Sijui, mwanangu." Sijawahi kumsikia Mama akisema hajui habari ya mbwa.

Nimempigia daktari. Kasema mtazame mpaka jioni, na mfungashie mama nguo.

Nimefungasha.

Gari la jana liliondoka tupu, na sasa wako hapa. Bartolomeo, Mwandu, na nusu ya mtaa nyuma yao. Naandika nimekaa kwenye kinu, mgongo mlangoni mwa stoo, ili mikono iwe na kazi. Bartolomeo anasema mimi ni mwizi wa mbwa. Romana kasimama kando, shavu limevimba upande mmoja. Nimeliona. Wote wameliona.

Mwandu kasema nifungue, mwenye mali achukue mali yake.

Mama kajibu kabla yangu. Kasema, "Mfungulie, Fausta. Aingie amchukue mwenyewe."

Nikamtazama. Kanikonyeza kidogo, hivi, aingie, tuone kama anamwamini mbwa wake. Nikasogea pembeni. Nimevuta komeo.

Bartolomeo ana mnyororo mkononi. Kapiga hatua moja, ndani kukasikika mngurumo, mdogo tu. Akasimama. Kamwita: Jenerali. Mngurumo tena. Akageuka kwa mkewe, akasema, "Nenda wewe."

Romana hajasogea.

Mwandu anaangalia viatu vyake. Bartolomeo kamnyooshea mkewe mnyororo, mkono uko hewani, na Romana kaweka mikono yake nyuma. Mlango uko wazi kiasi cha ngumi. Jua linampiga mwenye mbwa usoni, jasho linamtoka, na bado hajaingia. Asipoingia, mbwa anabaki kwangu.