Shemegi Langoni mwa Soko la Wanawake

Jumatano, Ibra

Na jua limchome tu! Nilipomhadithia shemegi Seif habari za malkia mmoja wa Kihindi wa zamani aliyewaleta wafumaji mjini kwake, na kwamba mpaka leo wanawake wa huko wanaishi kwa kufuma, alinicheka, eti kufuma si kazi ya wanawake. Kisha akauza shali nilizofuma mimi dukani kwake mjini Nizwa, akisema zimefumwa na wanaume wa mji wa Sur.

Leo mteja wake kataka kumwona mfumaji. Seif akamleta huku kwenye soko letu la wanawake, ambalo wanaume hawaingii. Akanipigia simu kutoka langoni.

"Shemegi, toka basi, usinifedheheshe."

"Kwani wale wanaume wako wa Sur wako wapi?"

Mteja mwenyewe mwanamke. Nikamwita ndani, nikamwambia kila kitu.

Seif akabaki nje juani. Hata kahawa sikumpelekea.