Jiwe Analolisubiri Baba

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko kwenye karakana yenu ya meli, na kwamba lile jicho lililoingia cheche limeshapona. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Baba naye anakusalimu. Asiyeeleweka ni mimi. Nakula nimesimama, nikikaa nainuka, nikilala nashtuka. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu nyumba yetu haina siri, na haya sitaki Baba ayasikie.

Habari za jiwe la angani najua umezisikia. Usichojua ni kwamba lilianzia mezani kwangu. Kazi yangu kituoni si unaijua, ile usiyochoka kuitania: darubini inapiga picha usiku kucha, mimi nafika asubuhi na chai yangu kutazama nukta ipi imehama. Siku hiyo moja ikahama. Tukapima, wenzetu wa vituo vingine wakapima, ikaonekana kwamba baada ya miaka saba huenda jiwe kubwa kama ghala likaigonga dunia. Nafasi ilikuwa moja katika elfu. Baadaye ikawa moja katika mia, halafu moja katika arobaini. Weee! Mtaa mzima haukuwa na habari nyingine. Msusi wangu aliniuliza kama kuna haja ya kuendelea kusuka watu.

Nilieleza mpaka koo likakauka. Niliwaambia tandikeni shuka kubwa sakafuni, muweke sarafu juu yake. Shuka ni kote ambako jiwe linaweza kupita, sarafu ndiyo dunia. Kila tukipima vizuri zaidi, shuka linakunjwa, likawa dogo, na sarafu inaonekana kubwa juu yake. Kwa hiyo namba hupanda kwanza. Kisha siku moja unakunja tena, sarafu inabaki nje, na mambo yamekwisha. Walinisikiliza kwa adabu, wakaenda kununua maji ya akiba.

Lakini aliyenikosesha raha ni Baba. Unajua mabati ya nyumba yetu yameegemea ukutani koridoni tangu mwaka jana, na nusu ya nyuma bado iko wazi, turubai tu. Baba huyo huyo, Mzee Paka wa watu, aliyeezeka nusu ya mji huu akitembea juu ya mbao za kenchi kama yuko sebuleni, kwake kunavuja! Mama alipomkumbusha kwamba mvua ni mwezi ujao, alijibu hawezi kupiga bati jipya ili jiwe lije kulitoboa. Mama akamwambia jiwe ni la miaka saba ijayo, mvua haina subira hiyo. Baba akasema haya, tusubiri vipimo.

Basi kila jioni nikirudi, kabla sijavua viatu, ananiuliza limefika ngapi, kama mtu anayeuliza matokeo ya mpira. Namba ikipanda, anachangamka, anaomba chai nyingine. Kaka, nilikasirika. Mimi roho iko juu, yeye anapiga mluzi! Nilidhani uzee umeanza kumchezea, na nikamjibu vibaya siku moja, jambo ambalo bado linaniuma.

Wiki iliyopita shuka likakunjwa, sarafu ikabaki nje. Jiwe litapita mbali. Pale kituoni tulikumbatiana, hata mkuu wetu yule asiyecheka alicheka. Nilikimbia nyumbani, nikatangaza tangu mlangoni. Mama alishukuru Mungu kwa sauti. Baba aliweka kikombe chini, akauliza kama tuna hakika. Nikasema tuna hakika kabisa. Akasema vizuri, akaiacha chai yake nusu.

Asubuhi alitoa ngazi, nikamshikia. Alipanda kidogo tu, hata dirisha hajalifikia, akasimama. Nikaona mikono imeng'ang'ania ngazi. Nikamwita ashuke. Mwishowe, akiwa bado ametazama ukuta, aliniambia kwamba tangu mwaka jana akiinua kichwa tu, mbingu inazunguka. Kazi za watu amekuwa akizikataa kwa visingizio. Alisema amekuwa paka maisha yake yote, na paka akishindwa kupanda ukuta hana jina tena. Alishuka kinyumenyume huku nikimshika kiuno. Akaniomba, Kaka, baba yetu akaniomba mimi kwa sauti ya chini, nikamwambie Mama kwamba vipimo vina kasoro na jiwe limerudi.

Nami nikaenda. Naona aibu kuandika haya. Mimi ambaye mkate wangu ni kutoichezea namba hiyo, niliingia jikoni nikamwambia Mama tunapima upya, huenda lisipite mbali. Mama alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa. Alisema basi tupime taratibu, hakuna haraka, mpaka kaka yako aje. Kisha akaniuliza kama nilimshika Baba vizuri wakati anashuka.

Kumbe alijua siku zote. Nilikaa pale kwenye kigoda nikalia, yeye akaendelea na mchele wake.

Kwa hiyo njoo kabla ya mvua. Ukifika usiseme umekuja kuezeka, na usimuulize habari za kichwa. Kumpeleka hospitali niachie mimi, nitapata njia. Sema umechoka kuchomelea vyuma, unataka akufundishe ufundi wake. Upande wewe, yeye asimame chini akutukane kama zamani. Kosea kosea kidogo, apate la kusema.

Wasalimie wenzako wa karakanani. Ukichelewa utanitia aibu, maana jana jioni, kabla sijavua viatu, Baba aliniuliza limefika ngapi, nami nikamwambia linapanda.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Nukta, kama ulivyoniita