Mguu Mzima Unapasuliwa wa Nini?

Mama Deodata, shikamoo. Huwa nausoma ukurasa wako nikiwacheka wenzangu, leo zamu yangu imefika, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi na usinicheke sana, kidogo inatosha.

Mimi ni mkulima wa Mbuba, mtu mzima, mwenye migomba, mke mmoja na tumbo ambalo limefika umri wa kujitegemea. Mwanangu Iradukunda ana miaka kumi na mitatu na tumbo hilo amelirithi mapema, ni mtoto mkubwa, mzito, na ndiyo maana hapa kwetu yeye ndiye bingwa wa kukanyaga ndizi za pombe, akipanda kwenye ule mtumbwi wa mti, ndizi zimechanganywa na majani, juisi inachuruzika mpaka majirani wanakuja na vikombe, mimi nikipanda nahema kama mbuzi aliyekula mihogo mibichi. Sasa mwaka huu akaanza kulalamikia goti la kushoto, zahanati wakatupa dawa ya kuchua, tukachua, akaanza kuchechemea, mimi nikasema huyu anakwepa kazi, mama yake akasema sivyo, tukabishana mpaka siku mguu ulipogoma kabisa tukampeleka hospitali, wakapiga picha wakasema goti halina kosa, shida iko kwenye nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza kutoka mahali pake, wakampasua wakakifunga kwa skrubu, na kusema haki alipona vizuri, hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi ulianza siku ya kutoka. Daktari, kijana mdogo, ndevu bado anazitafuta, akaniita pembeni akasema, "Mzee, na nyonga ya kulia naomba tuifunge, maana nayo inaweza kuteleza."

Nikamwuliza, "Imeteleza?"

"Bado."

"Inamuuma?"

"Haimuumi."

"Sasa mguu mzima unapasuliwa wa nini?"

Akaanza maelezo marefu, tena ya haraka, na mimi, Mama, mtu akinieleza jambo haraka namna hiyo nashika mfuko. Nikajiambia huyu anataka kujifunzia kazi kwa mwanangu. Nikakataa. Akasema basi tuwe tunamrudisha apigwe picha, nikaitikia kwa kichwa ili aniachie, na hatujarudi. Jirani yangu Gaspari nilipomsimulia akaniunga mkono, akasema, "Ng'ombe akivunjika pembe moja, unamkata na ya pili ili zilingane?" Nikaona hapo pana akili.

Lakini tangu hapo nyumba yangu siielewi. Mke wangu Clarisse anaongea na simu nyuma ya jiko, nikitokea anasema alikuwa anamsalimia mama yake, sasa mama mkwe gani huyo anaitwa "dokta"? Na wiki hii, nilipotangaza kwamba Jumamosi Iradukunda atakanyaga ndizi za wageni wa Nyamigogo wanaokuja kuleta mahari ya dada yake Ineza, mtoto akaanza kushika goti la kulia. Goti, Mama! Daktari alitaja nyonga, hawa wanashika goti, hata uongo wao hawakuupanga vizuri. Nikamwuliza, "Linauma?" Akamtazama mama yake kwanza, ndipo akasema, "Kidogo tu, Baba. Nitakanyaga." Na akitembea siku hizi unyayo wa kulia unatazama nje kama wa bata. Clarisse anasema, "Baba Ineza, mtoto anaumwa." Mimi nasema mtoto amefundishwa, na aliyemfundisha nalala naye kitanda kimoja.

Kwa hiyo nimeamua kupima mwenyewe. Jumamosi anapanda mtumbwini. Akikanyaga mpaka mwisho nitajua walinipangia njama. Naomba ushauri wako kuhusu Clarisse tu, maana ameapa kwamba mtoto akipandishwa humo, mtumbwi ataupasua kuni.

Baba Ineza, Mbuba.

*

Marahaba, Baba Ineza.

Nilicheka mpaka nilipofika kwenye goti la kulia. Hapo nikaweka chai chini.

Hebu isome barua yako mwenyewe. Mguu wa kushoto ulianza kuuma wapi? Gotini. Mkachua goti kwa bidii zote huku nyonga inateleza. Sasa wa kulia unauma wapi? Na wewe, badala ya kushtuka, unasherehekea kwamba umewakamata! Nyonga ya mtoto ikiharibika, mara nyingi maumivu hujitokeza gotini, na unyayo hugeukia nje vilevile ulivyoueleza. Mtoto aliyefundishwa na daktari angeshika nyonga. Mwongo hushika alipoambiwa ashike, mgonjwa hushika panapouma.

Kwa kuwa najua humwamini mtu, nilimwuliza daktari mwingine wa mifupa, mtu mzima, ndevu anazo na zimeota mvi. Anasema kichwa cha mfupa wa paja la mtoto anayekua hakijashikana sawasawa na shingo yake, katikati pana sehemu laini ya kukulia, na mwili ukiwa mzito sehemu hiyo inaweza kuachia. Ikiachia upande mmoja, upande wa pili nao umo hatarini mpaka mtoto amalize kukua. Si kila mtoto hupatwa na hayo. Ndiyo maana hata madaktari hawakubaliani wote: wapo wanaofunga mapema, wapo wanaoangalia kwa picha. Kukataa skrubu, basi, haikuwa dhambi. Dhambi ni kukataa skrubu na picha pia, halafu ukamweka Gaspari kuwa bingwa wa mifupa. Mwambie Gaspari pembe hazimbebi ng'ombe. Na wewe mwenye migomba, mkungu ukiwa mzito unauwekea mhimili lini, mgomba ukishalala chini?

Huo mtihani wako wa Jumamosi ungeweza kukupa jibu, ndiyo. Nyonga iliyoanza kusogea ikiachia ghafla, kichwa cha mfupa kinaweza kukosa damu kikafa, na mtoto akabaki na nyonga ya kikongwe kabla hajaota ndevu za kushindana na za yule daktari.

Gazeti hili hutoka Ijumaa, na goti la mtoto haliwezi kungoja Ijumaa, kwa hiyo nilikupigia kwenye namba uliyoandika. Nikasema, "Baba Ineza, ni Mama Deodata wa gazetini." Ukasema, "Nyie watu wa 'ile hela tuma kwenye namba hii' sasa mmekuja na mbinu ya gazeti," ukakata. Nikapiga tena, akapokea Clarisse. Sikuwa nimemaliza maelezo, nikasikia anamwita mwenye gari.

Jana alinipigia kutoka wodini. Mtoto amelazwa, amekatazwa kuukanyagia mguu wa kulia, na picha inaonyesha nyonga imeanza kusogea, kidogo. Daktari yuko tayari, mama amekubali. Anayekataa ni Iradukunda. Amesema hapasuliwi mpaka Baba afike aione picha kwa macho yake, asije akasema amefundishwa.

Umesikia? Mwanao anaichelewesha tiba yake mwenyewe ili wewe umwamini, na wewe uko nyumbani umenuna, unalinda mtumbwi.

Ondoka leo. Wageni wa Nyamigogo wapelekee ujumbe kwamba mahari itasubiri. Wakwe wenye akili watakuja kumwona mgonjwa. Ukifika, mwombe daktari akuonyeshe picha ya zamani na ya sasa, aziweke sambamba, na akieleza haraka mwambie arudie polepole, hiyo ni haki yako. Mwulize hatari za kufunga na hatari za kutofunga. Ubishi wako wote umalizie hapo kwenye meza yake, usiuingize wodini.

Wodini ingia mikono mitupu, kaa kitandani kwa mtoto. Usimwulize tena kama linauma. Mwambie unajua linauma, kisha mwache aende akapasuliwe.