Mayai Yenye Alama ya Makala

Mujukuu wangu Neema,

Habari ya Kisangani? Ni koko yako. Siye hapa Bunia tuko wazima, ila babu yako anagombana na magoti yake. Unaniuliza namna ya kujua kama yai iko na kifaranga. Acha kuku alalie siku saba, ingia mahali penye giza, weka tochi nyuma ya yai. Ukiona mishipa nyekundu, kifaranga iko. Ukiona mwangaza mutupu, hakuna kitu.

Nilijua hivyo nikimuvizia mwizi. Nilipoolewa kutoka Marabo, mama alinipa kuku na mayai kumi. Kila asubui mama mukwe alipita karibu ya kiota, mikono ndani ya kikwembe alichojifunga. Nikamushuku. Nikatia kila yai alama ya makala, yale makaa meusi ya jikoni. Kesho yake, mayai yalikuwa kumi vilevile, lakini sita haikuwa na alama. Nikazidi kumuchunga.

Siku ya saba nikaangaza yote. Ine zenye alama zilikuwa tupu. Zile sita zilikuwa na mishipa. Ndipo nikakumbuka: kule Marabo, jogoo wetu mumoja tu tulimuchinjia wageni wa mahari, miezi mingi mbele ya harusi, na mama mukwe alikuwa kati yao. Kumbe alijua mayai ya mama hayawezi kutoa vifaranga, akaweka ya kuku wake kwa siri.

Vifaranga vilipotoka, aliita majirani: "Mukuje muone mayai ya mama ya bibi arusi wetu!"

Nikaficha mikono, kama vile makala ingali kwenye vidole.