Watatu Mbele ya Jiwe

Kisangani, 3 Septemba 2023

Mutoto wangu Ursule,

Jambo kutoka huku kwenye maporomoko. Unakula? Baridi ya Addis-Abeba imekuacha? Sisi tuko muzima, ni macho yangu tu. Mama yako Berthe anaandika, mimi nasema, kisha atapiga foto ya karatasi na kukutumia.

Daktari uliyenitafutia Kinshasa amekubali kunipasua mtoto wa jicho tarehe 6 Novemba. Anasema nikingoja mwaka mwingine, jicho la kuume litakufa. Asante sana. Lakini ndege, hapana! Jirani yetu tonton Mohamadi anasema siku hizi marubani wanakunywa kahawa tu, machine ndiyo inaendesha. Mimi nitashuka na baleinière, ile mashua kubwa ya mbao. Mto unanijua.

Wewe unatengeneza hizo machine. Niambie ukweli.

Papa yako, Augustin

*

Addis-Abeba, 10 Septemba 2023

Papa,

Jambo sana. Mimi niko muzima, kazi tu ndiyo nyingi. Mama anakunywa dawa zake za presha? Aandike ukweli, nitajua akidanganya.

Baleinière! Wiki mbili juu ya maji pamoja na mbuzi za watu, na macho hayo? Hapana, papa. Tonton Mohamadi ndege anaziangalia toka chini tu.

Bon. Ni kweli, kule juu machine inaendesha, na rubani anaichunga. Moja inashika, nyingine inangoja. Lakini ndege kubwa ikitaka kutua ndani ya ukungu, pale rubani haoni barabara ya ndege, basi tatu zinashika kazi pamoja. Mbili zikipatana na moja ikisema mambo yake, ile moja inatolewa. Ndege inatua salama.

Mutoto wako, Ursule

*

Kisangani, 22 Septemba 2023

Mutoto wangu,

Tunashukuru Mungu, tumeamka. Mama yako anakunywa dawa, ameapa.

Barua yako nimeisomewa mara tatu na haijanifurahisha. Unajua desturi yetu. Mbele ya kupanda juu ya miti tuliyosimika ndani ya maporomoko, kwenda kutazama mitego ya samaki, tunasimama wavuvi watatu kando ya maji. Kila mutu anasema jiwe jeusi linaonekana shibiri ngapi juu ya maji. Célestin anaanza kwa sababu ni mudogo, Josué anafuata, mimi mukubwa namalizia. Mutu mumoja tu akisema chini ya tatu, hakuna anayepanda. Ninyi mnamufukuza yule anayesema hapana! Na kama ndiye aliyeona?

Papa yako

*

Addis-Abeba, 1 Oktoba 2023

Papa wangu,

Salamu nyingi kwenu wote. Swali lako nimelipeleka karakana, chef wangu amesema nikuajiri.

Ninyi mnasimama kando ya maji, mnaweza kurudi nyumbani. Ndege iko karibu kugusa chini, hawezi mutu kusema tusimame kwanza. Na zile zenye machine mbili tu, zikikosa kupatana, hakuna wa kuamua nani ni mukweli. Basi zote zinaachia, rubani anashika mwenyewe, na kama haoni barabara anapanda tena juu.

Lakini kitu kikubwa ni hiki: kila machine iko na moto wake wa umeme na macho yake ya kupimia. Hainakili kwa mwenzake. Ikinakili, hata ukifunga kumi, uko na moja tu.

Niambie kama utapanda. Ninaogopa kwa ajili ya lile jicho, papa.

Ursule wako

*

Kisangani, 29 Oktoba 2023

Ursule,

Samahani kwa kunyamaza. Usishtuke, sote tuko hai.

Juma lililopita Josué alilala na malaria. Tulikwenda wawili. Célestin alisema nne. Mimi nikasema nne. Mti wa kwanza tu, maji yakamubeba Célestin. Kamba ilimushika, lakini mukono umevunjika mara mbili.

Mutoto wangu, mwaka muzima sasa jiwe silioni. Ninasema mwisho, kwa heshima. Basi ninasikiliza wenzangu na ninarudia. Nilikuwa na haya. Mutu wa maporomoko asiyeona jiwe atakuwa nani? Kumbe siku zote watatu tulikuwa wawili tu, na siku ile Célestin alikuwa peke yake.

Hapa mama yako aliacha kuandika kidogo. Aliniangalia. Hakujua.

Nimekwenda kwa Célestin, nimemwambia yote mbele ya muke wake. Alilia, na mimi nikalia. Josué naye anajua. Nitafutie nafasi kwenye ndege. Machine yako inayoachia kazi kama kuna mashaka imenishinda kwa ukweli.

Papa yako

*

Kisangani, 9 Januari 2024

Mutoto wangu Ursule,

Heri ya mwaka mupya. Umekula nini siku ya Bonané?

Barua hii naandika mwenyewe, usicheke mwandiko. Mama yako amekaa pale, anasafisha pondu, na naona hata majani mabovu anayojifanya hayaoni.

Mukono wa Célestin umepona. Tumebadilisha desturi, wazee wengine wananung'unika, shauri yao. Hakuna anayesema tena. Kila mutu anaficha mukono nyuma, kisha tunaonyesha vidole pamoja.

Jana asubuhi ilikuwa mara yangu ya kwanza kurudi. Célestin alionyesha vidole vinne. Josué vinne. Mimi viwili.

Walinitazama, na ah, mwanangu, nilitaka sana kuongeza kidole. Sikuongeza. Tukasimama pale mpaka jua likapanda na ukungu ukaondoka juu ya jiwe. Shibiri zilikuwa mbili.

Tulirudi nyumbani bila samaki.

Papa yako, Augustin