Idadi Sikutajii

Garissa, Jumatatu

Aabo mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, na mvua ya Jumamosi imelaza vumbi la sokoni.

Uliuliza kama kweli kuna watu wanaoifungua tovuti ya duka langu la udi. Wapo. Rafiki yangu Fardosa ameniwekea kipimo kinachoonyesha wageni wametoka mji gani na wametazama bidhaa ipi. Wiki ya kwanza nilijivuna bure, maana nusu ya wageni hao ni mimi mwenyewe niliyekuwa nikichungulia kila saa. Tukaiondoa simu yangu kwenye hesabu. Sasa wanaingia kutoka Wajir, Nairobi, hata Toronto, na udi wa waridi ndio wanaoutazama zaidi.

Unataka kujua ni wangapi. Aabo, miaka yote ulikataa kutaja idadi ya ngamia wako, ukiogopa kijicho. Ulinitajia mara moja tu, baada ya ukame, walipobaki wanne.

Kwa hiyo idadi sikutajii. Siku nitakapokutajia, uje unipe pole.

Binti yako,
Idil